Pampu Arobaini Kabla ya Ufunguo

Gari letu haliwaki kwa ufunguo. Ufunguo unakuja mwisho. Kwanza unafungua boneti, unaiegemezea kijiti kwa sababu chuma chake kilivunjika, unatafuta pampu ndogo ya mkono iliyokaa juu ya kichungi cha mazutu, yaani dizeli, unaibonyeza mara arobaini. Usiku hewa huingia kwenye mpira wa mafuta, hatukupata kamwe mahali inapopitia, na asubuhi lazima uisukume itoke. Thelathini na nane hazitoshi. Nilijaribu. Arobaini na tano ni kujichosha bure.

Mume wangu ndiye aliyepampu. Mimi nilikaa kwenye usukani nikihesabu kwa sauti, nikifika arobaini nageuza ufunguo. Kwa sauti, kwa sababu alikuwa mtu wa kupunguza. Usipomhesabia, anaruka kutoka kumi na tisa hadi ishirini na tano, na anaapa mbele ya Mungu.

Asubuhi ile tulifika ishirini na saba, akaacha. Boneti ilikuwa juu, simwoni. Nikangoja. Nikasema, "Ishirini na saba, baba. Endelea." Nikadhani anapumzika. Nikasema tena.

Daktari alisema ni presha. Waliokuja matanga waliniuliza ilikuwa saa ngapi, na kichwani nilikuwa na jibu moja tu, ishirini na saba. Sikulia vile walivyotaka. Nilihesabu viti vya kukodi. Vilikuja themanini, vikaondoka sabini na tisa. Nilirudia kuhesabu. Sabini na tisa.

Gari lenyewe tulilinunua likiwa kuukuu, kwa watu waliokuwa wanachimba visima na wakati ule wanarudi kwao. Gari refu, zito, magurudumu yote manne yanavuta. Nilibishana nao siku mbili. Nililizunguka nikitaja kila kasoro, na kwa kila kasoro bei ilishuka kidogo. Usukani unacheza. Spring ya nyuma imekatika. Mlango wa kulia unafunguka kwa nje tu. Mume wangu alisimama pembeni akitazama viatu vyake kwa aibu. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama, umelitukana hili gari mpaka nalionea huruma." Akaliosha.

Kazi yangu ni samaki. Nawachukua ziwa Tshangalele, nawauza Likasi. Kiangazi, hata baiskeli inafika kule ziwani. Masika, taksibasi zinakataa, baiskeli zinakataa, na hapo ndipo bei inapokuwa nzuri. Gari letu halikatai. Linachemka, linavuja, linapiga kelele kama mabati, lakini linaingia kwenye tope na linatoka upande wa pili. Likienda gari, na samaki wamekwenda, na mimi nabaki mtu wa kukaa mlangoni. Hilo nililijua vizuri siku ile familia ya mume wangu ilipokuja.

Kwetu matanga yakiisha, familia ya marehemu inakaa uani na kudai vitu vyake. Walikuja na shemeji yangu, kaka yake mkubwa, kutoka Lubumbashi, amevaa viatu vyeupe. Walikuja na shangazi yao, ambaye hakukaa mpaka alipopata kiti chenye mgongo. Mchungaji wetu alikuwepo kama shahidi.

Shangazi ndiye alifungua kinywa. "Mama, leta fungulo ya motoka."

Nikaleta ufunguo wa gari. Nikauweka mkononi mwa shemeji.

"Njo vile tu?" akasema shemeji. Naona alikuwa amejitayarisha kwa kelele.

"Njo vile. Ni ya mudogo yako. Lakini ikala kwanza, nikuambie habari yake. Pasta, na weye usikie muzuri."

"Habari gani, shemeji? Motoka haiko mutoto."

"Mutoto analia, unajua penye inamuuma. Hii inanyamaza tu."

Nilianza na maji. Rejeta inavuja, kwa hiyo unabeba bidoni nne, lita ishirini kila moja, na unasimama kila kilima. Unaziba tundu kwa sabuni ya mche, si kwa gundi, gundi inayeyuka. Halafu nati za magurudumu. Gurudumu lina sita, la mbele kushoto lina tano, kwa hiyo jumla ni ishirini na tatu. Unazihesabu kabla ya kuondoka na unazihesabu ukifika, maana barabara inazilegeza. Halafu chasisi. Imepasuka mara tatu, imechomelewa mara tatu, na yule fundi wa njia ya Buluo aliyeijua amehama.

"Na freni?" akauliza mchungaji. Yeye mwenyewe ana pikipiki, na habari hizi zilikuwa zimemkolea.

"Freni unakanyaga mara tatu. Ya kwanza ni salamu. Ya pili inafikiri. Ya tatu inasimama."

"Na mutu akikanyaga moja?" akasema shemeji.

"Anaingia mu lori yenye iko mbele."

Shangazi akapiga kofi. "Unamuogopesha juu motoka ibakie! Minye najua weye, soko yote inakujua. Sasa unauzisha ama unapana?"

"Napana, tantine. Fungulo iko mu mukono yake. Lakini nasema mbele ya pasta, juu kesho akikufia mule ndani, batasema ni minye tu. Mudogo alikufa, mukubwa alikufa, bibi njo mulozi. Minye sitaki."

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu pale uani alijua mjane ambaye jina hilo la uchawi lilimshika, na nyumba aliyoihama usiku. Mchungaji akasema kwamba mama anasema haki, na shemeji asikilize mpaka mwisho. Kwa hiyo niliendelea. Vifungio vya magurudumu ya mbele unavigeuza kwa mkono kabla ya tope, ili nayo yavute. Cha kulia kinataka spana na matusi. Oili unapima kila siku. Mshale wa mafuta umekufa, unatumbukiza kijiti kwenye tanki.

Nilisikia sauti yangu ikiorodhesha. Ilikuwa orodha ileile ya siku mbili zile za kununua, imeongezeka tu kwa miaka. Sikuwa nafanya hila, wala sikuwa na uchungu. Nilikuwa kama mtu anayesoma karatasi ya mtu mwingine.

Shemeji akasimama. Nadhani aliona haya mbele ya shangazi. "Maneno imekuwa mingi. Minye naiwasha."

Akaingia kwenye gari pale uani, akageuza ufunguo. Likakoroma, likazima. Akageuza tena.

"Haiwake vile," nikasema. "Fungua boneti."

Nikamwonyesha pampu. Akakunja mikono ya shati, akaanza kubonyeza. Mimi sikukaa kwenye usukani, nilisimama kando yake na kuhesabu kwa sauti. Mdomo ulianza wenyewe. Kwenye kumi na tano jasho likamtoka.

"Ngapi?"

"Karante," nikasema, yaani arobaini.

"Kila asubuyi?"

"Kila asubuyi."

Akabonyeza zingine sita. Halafu akapunguza mwendo. "Na mudogo yangu, njo alikuwa anafanya vile?"

"Alikuwa anasimama hapo hapo penye unasimama."

Hakuwa ameniuliza mahali alipofia ndugu yake, na mimi sikuwa nimemwambia. Alitazama chini, kwenye saruji yenye doa la oili, halafu akatazama viatu vyake vyeupe. Tulikuwa ishirini na moja. Akatoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akashusha boneti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akaniwekea ufunguo kwenye kiganja.

Shangazi alimwacha shemeji akae kwanza, kwa heshima. Kisha akasema, "Frigo iko na pampu?"

"Hapana, tantine."

"Basi bapakize frigo."

Wakapakiza friji kwenye taksi. Friji hiyo ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Sokoni wanasema niliwashinda, nilibadilisha friji kwa gari. Siwakatalii, sifa hiyo inanisaidia kwenye bei ya samaki. Lakini nilisema ukweli mtupu, na kama shemeji angepampu mara kumi na tisa zaidi angeondoka nalo.

Kesho yake nilimwaga maji kwenye rejeta. Nilihesabu nati, ishirini na tatu, nikazunguka tena, ishirini na tatu. Nikafungua boneti, nikaegemeza kijiti, nikaanza. Hakuna aliyekuwa kwenye usukani. Nilihesabu kwa sauti. Ishirini na saba ilikuja, nikaitaja, nikapita, kwa sababu kazi ni arobaini. Nikaenda kwenye usukani nikageuza ufunguo.

Halikuwaka. Huenda niliruka namba.

Nikashuka, nikaanza tena. Moja.