Saladi ya Mtindi wa Mwisho

Ng'ombe wao walikufa wote, mmoja mmoja, familia ilipokuwa ikihamishiwa kijiji cha ujamaa huko Bunda, na Mniko akalala kitandani, akagoma kula. Mkewe Wankyo, aliyewahi kuwapikia Wazungu Musoma mjini, akajaribu ile saladi yao ya samaki wa kopo. Kopo angelitoa wapi, duka la kijiji halina hata chumvi! Akachemsha sato, akamtoa miiba, akamponda na viazi na vitunguu, akamiminia mtindi mzito uliobaki kibuyuni.

Mniko alionja, akatema.

“Samaki na maziwa hatuchanganyagi, mama Robi! Unataka ng'ombe wetu wakauke viwele?”

Akainuka, akachukua fimbo, akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe. Wankyo alibaki ameshika bakuli. Hapa kijijini hata zizi hawakuwa wamejenga.