Mpwa wa Kabaila

Mwalimu Castory akikuambia hana wivu, mtazame masikio: yanacheza. Mimi nafundisha Baiolojia, meza zetu zimepakana ofisini, na tangu Mwalimu Nasibu ahamie shuleni kwetu masikio hayo hayajapumzika. Castory amefundisha Historia mpaka mvi zimemtoka, na nusu ya makarani wa Morogoro mjini wamepita mikononi mwake. Nasibu amekuja juzi tu kutoka Kasulu, kijana wa shati la kuchomekea, na wanafunzi wanamgombania utadhani anagawa pipi.

Muhula huu Kidato cha Tatu A cha Nasibu kilifaulu jaribio la Ulaya ya zama za kati. Tatu B cha Castory kikaanguka puu. Mkuu wa shule, Madam Martina, akaamua Nasibu ndiye akafanye masahihisho Tatu B, na mwenye darasa akae nyuma asikilize. Baada ya hapo angesema nani atachukua Kidato cha Nne mwakani, darasa la mtihani wa taifa, ambalo Castory alilitaka kuliko alivyotaka kupandishwa cheo.

"Nikae nyuma, dada Rahel? Kwenye darasa langu mwenyewe?" Castory akaiacha chai yake mezani. Akaniomba nimsindikize. Nilikwenda, na sisemi uongo, nisingekubali kukosa.

Nasibu alianza na swali la kabaila, yule bwana mwenye ardhi. Akifa, nani anamrithi? Karibu wote walikuwa wameandika mtoto wake wa kwanza wa kiume. Mwanaidi, binti wa Kinole, kwenye milima ya Uluguru, aliyepanga chumba mtaa wa Mafiga ili asome, aliandika: mpwa wake, mtoto wa dada. Castory alikuwa ameshamchorea alama ya kosa, nyekundu na ndefu.

Darasa likaangua kicheko. Wengi ni watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha Mzinga, wazazi wao wametoka kila mkoa, mambo ya milimani hawayajui.

"Mwalimu, kwetu mjomba akifa shamba haliendi kwa mwanawe," Mwanaidi alijitetea, kichwa chini. "Linabaki kwenye ukoo wa mama."

Nasibu hakucheka. "Kwa Ulaya umekosa, kwa Uluguru umepata. Sasa niambieni ninyi mnaocheka: mtoto wa dada yako, una hakika ni damu yenu?"

"Ndiyo! Si dada tumemwona na mimba?" kijana mmoja akadakia.

"Na mtoto wa mke wako?"

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Nasibu aliwangoja watulie, ndipo akaeleza kwa nini makabaila walikuwa wakali kwenye ndoa na kwa nini kanisa lilikuwa na sauti kubwa juu ya nani ni mtoto halali. Hata mimi wa vyura na panzi nilielewa ukabaila siku ile. Castory uso ulimvimba. Yeye mwenyewe ni Mluguru wa Matombo. Somo hilo alikuwa nalo mdomoni miaka yote, na hakuwahi kulitema.

"Mwalimu, kwani na wewe Mluguru?" Mwanaidi aliuliza.

"Mimi Muha. Haya kanifundisha Mwalimu Castory, tukila kantini. Mjomba wake alipofariki, shamba la ndizi alipewa yeye, watoto wa marehemu wakabaki wanatazama. Mpigieni makofi."

Wakageuka, wakampigia. Castory akasimama, akatabasamu kwa meno tu. Tulipotoka akaninong'oneza: "Angeniibia kimyakimya ningemchukia kwa raha zangu. Sasa hata kumchukia kaninyima."

Madam Martina alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliwaita wote wawili palepale barazani, Kidato cha Nne akampa Nasibu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Na wewe Mwalimu Castory, uendelee kumsimulia mwenzako hadithi zako. Anazitumia vizuri."

"Sawa, Madam."

Jioni hiyo Castory aliniapia kwamba Nasibu hatapata neno jingine kutoka kwake. Kesho yake, saa ya chakula, Nasibu akavuta benchi, akampa shikamoo yake, akauliza, "Mwalimu, wale watoto wa mjomba waliishia wapi?"

Castory akatafuna maharage. Akatafuna tena. Mwishowe akasukuma sahani pembeni, akaanza kusimulia yote, pamoja na ugomvi wa matangani, huku akijua fika ni mdomo wa nani utakaoyasema mwakani mbele ya Kidato cha Nne.