Kiingereza cha Kuuzia Vitunguu

Kile Kiingereza kilitugharimu mbuzi jike mmoja, majogoo wawili na nusu ya bei ya vitunguu. Nimehesabu mara mbili, hesabu haipungui.

Enzi zetu pale Butembo, wakati wa vita, serikali ilikuwa hailipi walimu, donc, basi, wazazi waliwalipa kwa walichokuwa nacho. Papa aliuzia wachimba dhahabu wa Manguredjipa vitunguu. Wenye bunduki walipofunga barabara ile, akageukia Kasindi, mpakani na Uganda, ambako alikuwa hajawahi kufika. Alikuwa ameona tu askari wa Uganda wakipita mjini na Kiingereza chao, akaamua kwamba ng'ambo yote ni Kiingereza tupu. Mwalimu mmoja, mutu wa Kasai, akapelekewa mbuzi wa Mama, yule wa kuchinjwa kwa karamu ya komunyo yangu ya kwanza kanisani, ili anifanye mkalimani.

Mwezi mzima tulibaki kwenye neno moja: on. Kitabu juu ya meza, on. Picha ukutani, on. Siku ya Jumatatu, on. Kwenda kwa miguu, taa kuwaka, nyumba kuungua, yote on! Batoto sita kwenye benchi moja tuliimba on, na harufu ya maharagwe ya mke wa mwalimu ikitutesa.

"Leo umesoma nini?" Papa ananiuliza jioni.

"On, Papa."

"Na jana?"

"On. Mais... lakini maana yake iko mingi!"

"Basi tungemupatia mbuzi vilevile: kila maana na kipande yake!"

Majogoo walifuata, eti neno halijaisha.

Tukateremka Beni, tukapanda kamyo la mizigo hadi Kasindi: Papa, Mama, mimi na magunia. Vitunguu vilishaanza kuoza. Visipouzwa siku ile, hakuna nyama ya komunyo, hakuna mbegu ya kupanda. Akaja mama mmoja wa ng'ambo, mnene, kitenge kipya. Nikasimama wima, nikaanza kumwaga on zangu zote. Nyuma yangu Papa na Mama wakasemezana kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti, kama wako chumbani peke yao. Papa akasema: "Anzia juu, mais akifika nusu, achia tu. Vinaoza hivi."

Yule mama akacheka, akatusalimia kwa Kinande safi kuliko cha Papa.

"Bandugu, sisi Bakonzo wa ng'ambo na ninyi tuko na luga moya. Ile nusu Papa amesema, ninatoa. Na huyu mutoto munyamazishe, anachoka bure."

Siku ya komunyo tulikula sombe, majani ya muhogo, bila nyama. Tangu hapo, kila Papa alipofungua mdomo kutoa shauri, Mama alimwambia, "Sema kwa Kiingereza, batu basisikie."

Vijana wa leo Kiingereza wanakiokota kwenye simu, bure, wamelala chali. Mais binti yangu akisalimiwa kwa Kinande anatabasamu kama mtalii, hasikii hata neno. Sisi tulikuwa na njaa, lakini nyumbani tulisikilizana. Sasa Mama, mzee kabisa, anakuja kutoka Kayna Jumapili. Ana shamba anataka kumwachia mjukuu wake, na maneno ya shamba hilo anataka kumwambia mwenyewe kwa Kinande, uso kwa uso, bila mtu katikati. Ninyi wa rika langu mlio na batoto kama huyu, mlifanyaje? Nishaurini kabla gari halijafika.