Emérence Katungu na Safu ya Wasioonekana

Butembo hatuna reli wala bandari, na watu wa Bukavu wakitutania kwa hilo tunawaacha waseme mpaka wachoke, kwa sababu tuna kitu ambacho wao hawana: huku kwetu habari hufika kabla ya jambo lenyewe. Mbuzi akivunjika mguu Lubero asubuhi, adhuhuri sokoni kwetu amekwisha kuliwa na ngozi yake imepata mnunuzi. Sasa, katika mji wenye midomo ya namna hiyo, mtu kuanzisha gazeti lazima awe jasiri, au awe na homa. Jéthro alikuwa na vyote viwili.

Huyu Jéthro alikuwa karani wa tribunali, yaani mahakama, wakati wa Wabelgiji. Uhuru ulipokuja, wenzake walikimbilia viti vya wazungu, yeye akakimbilia mashine yao kuukuu ya ronéo, ile ya kuzungusha kwa mkono, inayotema wino kwanza kwenye shati lako halafu kwenye karatasi. Akachapa kurasa chache kila juma, akaziita Habari za Milima. Watu wakaziita Kartasi ya Jéthro. Jumapili, misa ikitoka, zilisomwa kwa sauti pale sokoni, na wasiojua kusoma ndio waliosikiliza kwa makini kuliko wenye diploma.

Ila Jéthro alipiga mashine ya kuandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Ndipo akamtafuta Emérence.

Emérence Katungu alikuwa mke wa Mbusa, dereva wa kamyo. Masista walikuwa wamemfundisha udaktilo, yaani kupiga mashine hiyo, na vidole vyake vilikimbia kiasi kwamba watoto wa jirani walikuja dirishani kusikiliza tu mlio. Alijua kwamba anajua. Siku ya kwanza kazini alivaa kikwembe kipya, akaandika habari ya chefu, mtawala wetu, kufungua daraja, akaijaza sifa: simba wetu, baba wa wote, mpendwa sana. Jéthro akaisoma, akachukua kalamu nyekundu, na alipomaliza habari ilikuwa imebaki na chefu na daraja tu.

"Papa Jéthro, mbona unamuvua chefu nguo mbele ya batu?"

"Namuvua zile ulimuazima wewe. Zake nimemuachia. Na hapa, C.N.L. ni nini?"

"Kila mutu anajua."

"Ule mama anauzisha majani ya sombe pale sokoni anajua?"

Emérence akaivuta karatasi kwenye mashine.

"Donc andika jina lote kwanza. Kifupi kije nyuma, kama mutoto nyuma ya mama yake. Na ingine: mudomo wako useme mutu, hakuna shida, hata mimi nasema mutu. Mais mashine iseme mtu."

"Mashine ni ya Unguja?"

"Mashine ni ya Ubelgiji. Andika."

Ndivyo alivyojifunza, kwa matani na kwa kalamu nyekundu. Mtu atajwe jina kamili mara ya kwanza. Bei iandikwe kwa tarakimu. "Inasemekana" ilifukuzwa kabisa ofisini, kama mbwa aliyekula mayai, maana Jéthro aliuliza kila mara: inasemekana na nani? Ana kinywa? Anakaa wapi, Bulengera ao Beni?

Kanuni ya vifo ilimshinda kwa muda mrefu. Mzee mmoja alipofariki, Emérence aliandika kwamba Mungu amemwita mtumishi wake.

"Ulisikia akimuita?" Jéthro akauliza.

"Usicheke na marehemu, Papa."

"Sicheke. Andika amekufa. Si ametutoka, si amelala. Kabila zote za huku ziko na neno lake la kufunika kifo, na kila moja inafunika tofauti. Amekufa, kila mutu anaelewa. Na usiandike mpaka batu babili balioona maiti na macho yao. Mumoja hatoshe."

Hili la watu wawili halikutoka kitabuni. Mwaka wa kwanza wa gazeti Jéthro alikuwa amemwua mtu. Mfanyabiashara wa kahawa alipotelea Uganda, msafiri mmoja akaapa kwamba alimwona akizikwa, na Jéthro akachapa. Ukoo ukafungua kilio, ng'ombe akachinjwa, mke akanyolewa nywele. Halafu yule marehemu akaingia uani kwa miguu yake, na fimbo mkononi, akauliza ni nani aliyekula ng'ombe wake. Butembo ilicheka mpaka ikakohoa. Jéthro peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo, asiye na mashahidi wawili aliandikwa neno moja tu: haonekani.

Basi ikaja ile miaka yenyewe. Wasimba, wale waasi, wakaingia na maji yao ya dawa ya kuzuia risasi, wakashika Beni, wakashika Butembo. Baadaye wakaja askari wa serikali pamoja na wazungu wao wa kukodiwa. Tusibishane hapa nani aliua zaidi. Waliokufa hawakupewa nafasi ya kuchagua. Gazeti likafungwa, ronéo ikafukiwa chini ya viazi. Mbusa alikuwa barabarani na kamyo ya Asumani, mchuuzi Mwislamu wa Beni, akipeleka chumvi na kurudi na kahawa. Hakurudi.

Mbusa huyu, msimwone hivihivi. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, ndugu yake alimng'ata utotoni wakigombania kiazi, na yeye alipenda kuwaambia wasichana kwamba ni chui wa Mutwanga. Emérence alikuwa msichana pekee aliyemjibu kwamba chui gani huyo mwenye meno ya maziwa. Wakaoana.

Mapigano yalipopungua, Jéthro aliifukua ronéo, akafungua gazeti upya. Ukurasa wa mwisho ukawa wa majina ya Wasioonekana. Watu walipanga mstari mlangoni tangu asubuhi, wakitaja majina, na Emérence aliyapiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa tundu na wino hupita humo. Kila juma alilipiga na la mumewe, katika nafasi yake ya herufi M, bila kumpendelea: Mbusa, dereva, wa Bulengera, haonekani.

Jioni alikuwa akirudi kwa mama mkwe wake, Kaswera, aliyeishi naye ua mmoja. Mama huyo aliuliza swali lilelile.

"Umeandika nini?"

"Haonekane, mama."

"Sawa."

Basi. Na ni hapo pana uzito, wewe unayesoma hii umekaa vizuri na chai yako. Kwetu, kilio kisipofunguliwa, mtu aliyekufa hana kiti kati ya wazee wake. Anazungukazunguka kama mgeni asiyekaribishwa. Na mkewe si mke, si mjane. Ukoo hauwezi kuja kutoka Lubero na Beni kukaa chini pamoja nawe kama hakuna aliyetangaza. Mbusa kufa ao kutokufa kulikuwa mikononi mwa mkewe, kwenye mashine.

Mvua za kwanza zilipoanza, Asumani akaja. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia. Jéthro alikuwa nje akisugua wino mikononi. Asumani hakukaa.

"Bibi ya Mbusa, nilimuona na macho yangu. Ni Mavivi. Balimupiga risasi kwa barrière, pale banasimamisha magari, kandokando ya kamyo. Sikuweza kumuleta huku, njia ilikuwa imefungwa. Nilimuosha mimi mwenyewe, nikamuvika shuka nyeupe, nikamuzika siku ileile, vile sisi tunazika. Sala zenu sizijue. Nikasoma zetu. Unisamehe."

Emérence alikuwa akimtazama mdomoni, kama anayesahihisha.

"Ulikuwa na nani?"

"Kulikuwa na mwanamuke wa pale na bwana yake, balinisaidia. Balikimbia kisha. Sijue kama bako hai."

"Donc ni wewe peke yako."

"Ni mimi."

"Mutu mumoja hatoshe," Emérence akasema. "Ile ya kahawa pia ilikuwa na mutu mumoja, na alirudi kuulizia ng'ombe yake."

Asumani alikuwa mtu wa soko, amezoea kubishana mpaka jua lizame. Siku hiyo hakubisha. Akaweka mkono kifuani, akatoka. Jéthro alisimama mlangoni, wino unamdondoka kwenye vidole, amesikia yote. Angeweza kusema neno. Lakini kanuni ilikuwa yake, na juu ya hiyo kanuni mwanamke mzima alikuwa ameegemea kama juu ya fimbo. Wewe ungeipiga teke?

Juma hilo ikaandikwa: haonekani. Na la pili yake. Emérence hakumwambia Kaswera kitu. Akawa mkali ofisini kuliko mwalimu wake; mtu akileta shahidi mmoja alimrudisha kwa sauti ya juu, hata wakamwita Madame Babili. Sokoni wanawake walinyamaza akipita, na yeye akajidanganya kwamba wanaogopa gazeti.

Ndipo asubuhi moja mstari ulipomfikisha mbele yake mama mmoja wa upande wa Beni, mwenye kitambaa cheusi, miguu imevimba. Alikuwa amerudi kutoka milimani, huko juu ya Mutwanga, alikojificha muda wote.

"Jina lako?"

"Sikitu. Mais si mimi ya kuandika. Ni bwana yangu, Jumaine. Alikuwa anauzisha chumvi Mavivi."

"Mara ya mwisho ulimuona wapi?"

"Pale nyumbani. Kesho ya ile siku Asumani alikuja kuomba shuka."

Vidole vya Emérence vilikuwa tayari vimepiga J.

"Shuka gani?"

"Ya kuzikia. Kulikuwa dereva yake, mutu wa Butembo, balimuua kwa barrière. Asumani alikuwa analia kama mutoto, hakuna duka, kila kitu kimefungwa. Nikamupa ile shuka yangu ya harusi, ilikuwa mupya kabisa. Nikateka maji. Bwana yangu Jumaine alichimba shimo pamoja naye." Akapangusa uso na ncha ya kitambaa. "Kesho yake bale ba barrière bakarudi, bakachukua Jumaine. Andika vizuri, mama. Alikuwa mutu wa kuchekesha."

"Ule dereva," Emérence akasema, "ulimuona uso?"

"Nilimushikia kichwa wakati banamuosha. Sikio lake moja lilikuwa limekatika, mais si risasi, ni ya zamani. Nikajiuliza ni nini ilimukula."

Mstari ulikuwa mrefu nyuma ya Sikitu. Jéthro alikuwa kanisani akiuliza habari za misa. Hakuna aliyesikia ila mashine. Emérence angeweza kuandika Jumaine, haonekani, na kumwita anayefuata, na Mbusa angeendelea kukaa katika herufi yake kila juma mpaka ronéo ife kwa kutu.

Akamaliza kwanza ya Jumaine. Akamsomea Sikitu, akamrekebishia umri, akamshukuru. Halafu akainuka, akazunguka meza, akamshika yule mama mikono yote miwili, bila kumwambia kwa nini, na Sikitu akaiacha mikono yake pale, kwa sababu miaka ile watu walishikana mikono bila kuulizana.

Jéthro aliporudi alikuta stensili imekwisha. Akaisoma kama kawaida, akiishika juu, mwangaza unapita kwenye herufi. Alipofika M akaiteremsha.

"Mama Emérence. Nani wa pili?"

"Sikitu, wa Mavivi. Alimushika kichwa."

Jéthro akakaa juu ya kreti la karatasi. Ule ujanja wake wote ulikuwa umemtoka usoni. "Sikiliza. Tunaweza kufuta na vernis, ile dawa ya kuziba tundu. Tuandike Mungu amemwita. Ao amelala. Kwa huyu mumoja tu. Nani atatuuliza?"

"Mama wa sombe atauliza. Mbusa ni mukubwa kuliko bengine?"

"Kwangu, ndiyo."

"Hapana, Papa. Iache sawa ya bengine."

Ikachapwa: Mbusa, dereva, wa Bulengera, amekufa Mavivi. Amezikwa hukohuko. Jéthro aliizungusha ronéo mwenyewe, na wino ulipomrukia shatini hakuutukana.

Kesho yake ingesomwa sokoni. Emérence hakutaka mama mkwe aisikie kinywani mwa msomaji, katikati ya bei ya kahawa na matangazo ya ndoa. Alivua viatu njiani, njia ya Bulengera ilikuwa matope, akamkuta Kaswera uani, kwenye ungo, akichambua maharagwe. Mama hakuinua macho.

"Umeandika nini?"

"Amekufa, mama."

Mkono wa Kaswera uliendelea kidogo kwenye maharagwe, ukitenga mabovu, kisha ukasimama.

"Nilisikia tangu mvua ya kwanza," akasema. "Hapa Butembo nani hakusikia? Nilikuwa nakungoja wewe."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Bwana ni wako. Mimi nilimuzaa tu." Akauweka ungo chini. "Nani alimuosha?"

"Asumani. Na mwanamuke mumoja wa Mavivi alileta maji."

"Ya moto ao ya baridi?"

Emérence aliirudia orodha yake kichwani. Watu wote aliokuwa amewahoji, majina, umri, siku, mahali, mashahidi wawili wawili, na hilo hakuwa amelifikiria.

"Sikuuliza, mama."

"Hakupendaka maji ya baridi," Kaswera akasema polepole. "Hata mukubwa, na ndevu zake, alikuwa analalamika."

Halafu yule mama akasimama, akafungua kitambaa kichwani, akakitupa mbali, akatoa ile sauti ambayo mwanamke huitoa mara chache maishani, inayovuka bonde na kuamsha kilima cha pili. Emérence alikuwa amekaa chini kwenye matope, kichwa wazi, na alipojaribu kuitikia, sauti yake ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikatoka. Huko chini milango ikaanza kufunguka, na jirani wa kwanza akaonekana akipanda njia, akijifunga kikwembe kiunoni.