Mkuyu wa Uani kwa Baba Mdogo

Mdogo wangu, iko asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiifikiria nashika kichwa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya misitu, sina kazi, nakaa kwa baba mdogo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Uani palikuwa na mkuyu, na kila ulipozaa walikuja ninga, wale njiwa wa kijani wa msituni. Katikati ya maghorofa yale, sijui walikuwa wanatokea wapi. Bibi yetu aliwaita wageni wake.

Baba mdogo akataka kujenga ghorofa.

"Msomi," akaniambia, "mti ukibaki itabidi stoo kwenye ramani isogee kidogo. Wewe ndiye unayejua miti. Kesho kabla mafundi hawajaanza uniambie, ukatwe au ubaki."

Neno moja tu. Lakini si unanijua? Nikawaza mizizi, nikawaza ukuta wa jirani, nikawaza siku ukianguka nitalaumiwa mimi. Moyoni nilijua kabisa kwamba stoo ikisogea, mti hauna shida. Asubuhi baba mdogo kasimama na fundi, wananingoja.

"Inategemea, baba mdogo."

"Inategemea nini?"

"Mambo mengi."

Fundi akacheka. "Bosi, huyu bado anasubiri matokeo ya mtihani."

Saa nne mkuyu ulikuwa chini.

Mchana ninga wakaja. Wakazunguka, wakatua kwenye nyaya za umeme, wakakaa kidogo, wakaondoka.

Bibi akaniuliza, "Jibu ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, Bibi. Niliogopa kukosea."

"Na sasa hujakosea?"

Machozi yakanitoka. Akanivuta karibu, akanimegea chapati. "Kula. Halafu kachukue tawi kabla hawajapakia. Mkuyu unashika kwa tawi."

Nikauliza tawi lipi, la unene gani.

"Lolote, mume wangu! Lolote!"

Nililichomeka kwenye uwanja wa shule moja ya Ilala, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Limetoa majani. Matunda bado, na ninga sijawaona tena.

Najua nawe unawaza sana, tumezaliwa hivyo. Mji utajengwa, watu wanahitaji pa kulala na pa kufanyia biashara. Lakini ukiulizwa jambo unalolijua, na anayesubiri jibu lako ni mti au ndege asiyeweza kujisemea, sema, hata sauti ikitetemeka. Ukikosea, wakubwa watakurekebisha. Ukinyamaza, watakata.

Mungu akuzidishie akili uliyonayo, mdogo wangu, na akupe na mdomo wa kuitumia.