Mnazi wa Atija

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wapimaji wa watu wa gesi walipofika kijijini kwetu Mute na kufunga vitambaa vyekundu kwenye minazi ya mama yangu, ihesabiwe na kulipwa fidia. Kwetu ardhi ni ya serikali, lakini mnazi una mwenyewe. Kila mtoto wa mama alikuwa na wake, uliopandwa pale kilipozikwa kitovu chake. Kila mtoto ila Atija, ambaye mama alimchukua kijiji cha Diaca akiwa mchanga, akamlea pamoja nasi.

Miaka yote hakuna aliyemwonea kijicho. Vitambaa vile vilitubadilisha. Dada yangu Fatima alijua kwamba mama ameshamwusia Atija kwa mdomo minazi michache ya kisimani. Akamvaa uani.

"Kitovu chako kiko Diaca. Kakwee minazi ya huko!"

"Nikienda, mama ataogeshwa na nani? Na wewe unayekuja siku ya kuangua nazi tu?"

Mama alisikia. Kwa hasira akamwita mwalimu wa msikitini. "Andika! Minazi yote ni ya Atija."

Mwalimu akacheka taratibu. "Bi Zaituni, kubadili wasia ni haki yako maadamu u hai na akili yako timamu. Ila asiye mrithi humpi zaidi ya theluthi ya kitakachobaki baada ya mazishi na madeni. Na useme wazi kwamba wasia wa kwanza umeufuta."

Mama akatulia. Akamwandikia Atija theluthi, mbele ya majirani wawili wasiopata kitu humo. Macho yalimwiva Fatima.

"Na mimi, mama? Mimi huniandikii?"

"Wewe fungu lako Mungu alilipanga kabla sijakuzaa, hata nikitaka kukunyima siwezi. Huyu hana ila mdomo wangu, nao siku moja utafumba."

Fatima akakaa mkekani, kando ya Atija.

Basi, mwanangu, andika wasia wakati wewe ungali mzima, wala usione aibu. Usimwongezee mrithi juu ya fungu lake bila ridhaa ya wenzake. Mashahidi wasiwe wenye kunufaika. Ukibadili, futa wa mwanzo, kisha nenda kwa notario, mthibitishaji wa hati, kule wilayani ili na serikali iutambue. Na wivu ukikushika, tazama kwanza kama unayemwonea ana kingine.

Mungu akupe umri mrefu, akili isiyopotea, na watoto watakaokaa mkeka mmoja siku utakapoondoka.