Supu ya Mwani ya Jirani Yangu Mshairi

Nilivumilia mengi katika ile nyumba ya wazee ya Koekelberg, hapa Ubelgiji. Lakini mwuguzi alipochukua supu yangu na kuimwaga kwenye sinki, mbele ya mgonjwa niliyemletea, aliyekuwa ameshafungua mdomo, uvumilivu ukaniishia. Nikapiga kelele. Mtoto mgongoni akaanza kulia, wala sikumbembeleza.

"Maman, tulia," akaniambia mfanyakazi mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa anatandika kitanda cha pili. "Haiko miye, haiko yeye. Ni directrice njo alikataza chakula ya inje."

"Na huyu akifa na njaa, directrice, mkubwa wenu huyo, atamlisha kaburini?"

"Bon, sasa unataka batufukuze kazi."

Aliyekuwa kitandani si mama yangu. Ni mshairi, Mkorea, na tangu nifike mtaa wa Schaerbeek alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kwao vitabu vyake vinasomwa shuleni. Mtaani kwetu Mturuki wa duka la mboga alimwita madame wa vitunguu, maana kuchagua kitunguu kimoja kulimchukua muda wa kupika wali ukaiva.

Tulijuana nilipozaa. Kwetu Buyenzi, mtaa niliokulia, mzazi hagusi maji baridi mpaka arobaini itimie. Mama yako anakukanda kwa maji ya moto, anakupikia uji, anamwogesha mtoto wewe umelala. Mama yangu alinyimwa viza. Mume wangu yuko kazini, anasafisha ofisi za watu. Basi nikawa najikanda mwenyewe bafuni huku nalia kwa sauti, nikidhani ukuta ni mnene.

Kumbe si mnene. Akabisha hodi na sufuria mkononi. Ndani mlikuwa na mwani, majani ya baharini meusi yanayoteleza kama mlenda. Kabla ya salamu nikamwuliza kama kuna nguruwe. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Ni kome tu, walewale Wabelgiji wanaokula na chipsi. Kwetu aliyezaa anakunywa hii. Kunywa. Usinishukuru, huna nguvu."

Akawa anakuja kila siku mpaka arobaini yangu ikaisha, na kidogo kidogo nikamjua. Alizaliwa kaskazini. Vita vilipofika, baba yake alimbeba mgongoni kwenda kusini. Mama yake alibaki nyuma kufunika mitungi ya mchuzi wa soya pale uani, isije ikaingia mvua, akasema atawafuata. Kisha mpaka wa kaskazini na kusini ukafungwa. Hakumwona tena, na picha yake hana. Lakini kwao, siku yako ya kuzaliwa unakunywa supu ileile aliyokunywa mama yako alipokuzaa. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka alikuwa na kitu cha mama yake mdomoni. Ameishi hivyo, akabeba mwani wake hadi Ubelgiji.

Siku moja nikamwuliza anaandika mambo gani. Nilitegemea maua na mwezi.

"Nampa mama habari," akasema.

Akanitafsiria shairi moja kwa Kifaransa. Lilisema kwamba vitunguu vimepanda bei, tramu imekwama, mvua ni ileile ya jana, na mtoto wa jirani ameota jino. Basi.

"Ndiyo shairi hilo? Mbona hata mimi namwambia mama hayohayo kwenye simu?"

"Basi wewe mwenzangu. Ila wako anajibu."

Tangu siku hiyo sijafuta ujumbe wa sauti wa mama hata mmoja, hata ule ambamo anagombana na muuza ndagala, dagaa wa kwetu, akasahau kabisa kwamba anazungumza na mimi. Nausikiliza kwenye tramu. Nashikwa na hamu ya kumwona, halafu nakumbuka kwamba mimi bado nina wa kumpigia.

Baadaye jirani yangu akaanguka kwenye ngazi, wakampeleka Koekelberg. Kifaransa kikamtoka kichwani. Juu ya kitanda wakabandika kadi: Haongei. Haongei? Haongei Kifaransa! Kikorea anaongea kutwa, na vidole vyake vinagonga meza kama zamani alipokuwa anapima mistari yake. Wakimletea viazi vya kuponda anafunga mdomo. Akakonda, bangili zikawa zinamfika kwenye kiwiko. Kuna siku nilimletea supu kimyakimya, akamaliza bakuli, akasema neno pekee la kwao ninalolijua: omma. Mama.

Siku ile supu ilipomwagwa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Majani niliyasaga, kwa sababu wauguzi walisema atapaliwa.

Directrice akanipokea amesimama. "Wewe si ndugu yake, madame. Kama una malalamiko, andika."

Nikaandika barua. Mume wangu akasema watanizuia hata kuingia. Nikamwambia sekondari nilimaliza kwa kazi gani, basi? Nikaipeleka mwenyewe, na nakala kwa ofisi inayosimamia nyumba za wazee, wakagonga mihuri mbele yangu. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Mimi ni jirani wa mkazi wenu Mkorea. Nalalamika kwamba siku yake ya kuzaliwa chakula chake kilimwagwa akiwa amefungua mdomo. Chakula chenu hali, na anakonda, mnamwona. Naomba daktari ampime kama anaweza kumeza supu iliyosagwa. Akiweza, niruhusuni kumletea, au mpishi wenu aje kwangu nimfundishe, ni kazi ndogo. Na ile kadi yenye neno Haongei iondoeni. Andikeni: Anaongea na mama yake. Sitaki fidia, sitaki pole. Nataka supu imfikie kabla hajaacha kufungua mdomo."